Karani Raphaël Alipoacha Kucheza

Nyumba yetu na nyumba ya karani Raphaël zilitenganishwa na ua wa matete tu, pale Kasongo, katika mtaa wa makarani na walimu. Mimi ni Sidonie, mama ya Fidèle. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu juu ya ule ua. Mengine mke wake, Emilienne, alinieleza mwenyewe tukiwa tumekaa na ungo, tukitoa mawe katika mchele.

Raphaël alikuwa karani katika biro ya teritware, yaani ofisi ya serikali ya wilaya, kwenye mashine ya kuandika. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mwandiko wake ulisifiwa hata na Wazungu. Lakini mtaani watu walimjua kwa mambo mengine.

Kwanza, alipenda vitu vya zamani. Alilelewa kijijini karibu na Lualaba na mama wa mama yake, na ladha zake zote zilikuwa za yule mwanamke mzee. Jumapili, wenzake walipokwenda misa na suti na kravati, yeye alivaa kanzu nyeupe iliyotariziwa shingoni kwa uzi mwekundu. Ilishonwa na mzee Asani, fundi Mwislamu, ambaye siku zile alikuwa amebaki peke yake katika kazi ya namna ile. Maji aliyanywa kutoka mtungi wa udongo. Ya ndoo alisema yana ladha ya msumari. Wali alikula chini mkekani, kwa mkono, katika sahani ya mti. Na salamu yake ilikuwa ndefu. Aliuliza wewe umeamkaje, bwana yako ameamkaje, watoto wameamkaje, halafu kwa uso uleule wa heshima akauliza kuku wameamkaje, akangoja umjibu.

Utaona hapo kwamba alikuwa na utani. Ulikuwa zaidi ya utani. Yule mtu alikuwa anacheza, kama vile mwingine anavuta tumbaku. Alichonga pia za mti, zile unazozizungushia uzi, ukivuta zinasimama juu ya ncha na kulia kama nyuki, na jioni alizichezesha mwenyewe kwenye baraza ya nyumba yake, bila mtoto yeyote karibu. Alijitengenezea miguu ya miti, akapita nayo nyuma ya nyumba akichungulia juu ya ua wetu kuniuliza nimepika nini. Mvua ikinyesha, alikata gamba la mgomba, akapanda kilima cha udongo mwekundu nyuma ya mtaa, akakalia lile gamba, akateleza mpaka chini. Jogoo wake alimpa jina la Kapita, yaani msimamizi wa vibarua. Asubuhi alimsomea kazi za siku.

Watu walisema ni kwa sababu hana watoto. Walikuwa wameoana miaka minne bila kupata mtoto, na wake za makarani walinong'ona kwamba akipata wake ataacha. Mimi sikuamini. Angepata watoto kumi, wangelazimika kungoja zamu yao.

Emilienne alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa malale yeye akiwa na miaka mitano, akachukuliwa na masista wa misioni. Huko alikuwa na mikono mizuri, wakamweka katika chumba cha kupiga pasi. Wenzake walipotoka kucheza uwanjani, yeye alibaki akikunja nguo za altare. Hakuna aliyemlazimisha, aliniambia. Alipenda sista amwambie, Emilienne, nguo zako hazina hata mkunjo mmoja. Aliwasikia wenzake wakipiga kelele nje, akaendelea kukunja. Alipokua akawa mwalimu wa kushona katika fuwaye, ile nyumba ambamo wanawake walifundishwa kushona na kutunza nyumba, na alitembea wima kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Raphaël alimpata palepale kwenye chumba cha pasi. Alileta kanzu yake iliyochanika, akaeleza kwa dakika nyingi, kwa uzito mkubwa, kwamba kanzu ile imeng'atwa na mbuzi wa padri, na kwamba mbuzi huyo ameomba msamaha kwa maandishi. Emilienne alicheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliniambia kwamba usiku ule alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipocheka vile, akakosa.

Kwa hiyo alimpenda kwa ajili ya kile kitu, na ni kilekile kilichokuja kumtia haya. Mambo haya yanawezekana kwa pamoja. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, alikuwa anamcheka mpaka machozi. Nje, mbele ya watu, alitamani ardhi impasukie.

Mwaka wa 1953 ikaja habari ya karte. Wazee wataikumbuka: karte ya mérite civique, cheti ambacho Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, iliwapa Wakongo iliowahesabu kuwa wameendelea. Grégoire, karani mkubwa wa biro, alimwambia Raphaël kwamba jina lake limewekwa katika orodha, na kwamba kamati itapita nyumbani kuona namna anavyoishi. Haikusema itapita siku gani. Raphaël aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho ni Jumanne. Emilienne hakulala. Alikuwa amekulia katika nyumba ya watu wengine, hana baba, hana ukoo wa kumtaja, na karte ile kwake ilikuwa kama karatasi inayosema: hawa wana mahali pao. Alishona rido, yaani mapazia ya madirisha, akaazima meza kwa mwalimu André, akanunua uma na visu, akamfundisha Raphaël kuvishika. Raphaël alijifunza haraka. Uma aliuita reki ndogo.

Kamati ilikuja Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mchana, baada ya mvua.

Nilikuwa barazani kwangu, nikaona yote. Walikuja wanne: Mzungu mmoja wa teritware, padri, Grégoire, na karani wa kuandika. Emilienne aliwapokea vizuri, amevaa vizuri, akawakaribisha kwenye viti. Wakauliza bwana yuko wapi. Kabla hajajibu, Raphaël akatokea upande wa kilima. Alikuwa juu ya miguu yake ya miti, mrefu kuliko paa, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, na nyuma yote ilikuwa udongo mwekundu. Alikuwa anaimba. Alipowaona alinyamaza, lakini mtu aliye juu ya miti hawezi kusimama hivihivi, ni lazima aendelee kupiga hatua. Basi alibaki akipigapiga hatua palepale mbele ya wageni, akijaribu kusalimia, mpaka akapata ukuta wa kuegemea.

Mzungu yule hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alicheka sana, akamgeukia Emilienne, akamwuliza kwa Kiswahili chake:

“Mama, huyu ni mutoto wako ao ni bwana yako?”

Wote wakacheka, hata padri, hata Grégoire. Emilienne akajibu kwamba ni bwana yake. Alijibu kwa sauti ndogo, na Mzungu akamwomba arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

Waliingia ndani, wakaona mkeka, mtungi na sahani ya mti kando ya meza ya kuazima. Yule karani akaandika. Hawakukaa muda mrefu.

Walipoondoka, Raphaël alioga, akavaa nguo kavu, akaketi. Emilienne alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika rido. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alimwambia:

“Mi sikuolewa na mutoto, Raphaël. Kama unanipenda, tuache hii michezo.”

“Yote?” akauliza Raphaël.

“Yote. Na hivi vitu vya kizee pia.”

Raphaël akasema sawa.

Kesho yake asubuhi nilimwona akikata miguu yake ya miti vipande viwili viwili, akavisimika shambani viwe vya kupandishia maharagi. Pia zake, zaidi ya kumi, aliwagawia watoto wa mtaa, na Fidèle wangu alipata mbili. Kanzu aliirudisha kwa mzee Asani. Mtungi alinipa mimi. Niliupokea nikidhani ni mchezo mwingine, nikangoja aje kuuomba. Hakuja.

Sijawahi kuona mtu akitii neno namna ile. Alinunua suti, alinunua viti vinne, alijifunza kutembea polepole. Salamu yake ikawa bonjour. Mara ya kwanza aliponiambia bonjour na kupita, nilibaki mlangoni nikingoja swali la kuku. Mwaka uliofuata kamati ilirudi, ikakuta nyumba ya mtu aliyeendelea, na karte ikapatikana. Grégoire aliwaletea chupa ya mvinyo. Emilienne alifurahi, sitasema uongo. Aliiweka karte ile ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya sanduku, na kwa mwezi mzima alitembea kama binti aliyetoka kuolewa.

Kisha akaanza kuona.

Aliona kwanza kwamba yule jogoo alikuwa amekufa wiki nyingi zilizopita, na Raphaël hakusema neno. Kwake sasa alikuwa kuku tu. Aliona kwamba jioni mumewe alikaa kitini na gazeti mpaka taa iwashwe, na alipoulizwa jambo alijibu vizuri, kwa adabu, kama anavyojibu mtu wa biro. Hakuwa amenuna. Hilo ndilo lililomchanganya Emilienne. Mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza. Huyu alikuwa mpole, alileta mshahara, alimwuliza kama amechoka. Siku moja Emilienne aliangusha bakuli la unga na ukamrukia Raphaël usoni, wote mweupe, nyusi na masharubu. Emilienne alisimama akingoja afanye kitu, atoe sauti ya mzimu, ampake na yeye. Raphaël alitoa kitambaa mfukoni, akajipangusa, akasema si neno.

Emilienne alikuja kwangu siku ile akalia. Nilimwambia amweleze basi, amwambie arudie mambo yake. Akaniuliza atamwambiaje. Atamwambiaje mtu mzima, mwenye karte, rudi uwe vile ulivyokuwa nilipokuonea haya?

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1955 Raphaël alipandishwa cheo akapelekwa Kabambare, awe karani mkubwa wa kule. Emilienne alilazimika kubaki mpaka fuwaye imalize masomo, katikati ya kiangazi. Basi wakaandikiana. Barua zilikuja na kamio, lori la posta, kila wiki mbili, na aliniletea nimsikilize akisoma. Zilianza hivi: Nina heshima ya kukujulisha kwamba niko mzima. Zilieleza hali ya barabara, bei ya mchele, mvua. Zilimalizika kwa salamu kwa majirani wote. Hakukuwa na kosa hata moja ndani yake.

Halafu siku moja Emilienne akatoa sandukuni barua nyingine, ya zamani, ya wakati Raphaël alipokwenda na Wazungu kuhesabu watu vijijini. Barua ile ilikuwa imeandikwa na jogoo Kapita. Jogoo alilalamika kwamba bwana yake amemwachia mwanamke mmoja mrembo wa kumlinda, na kwamba kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu mwanamke huyo anatembea kama malkia na hatazami chini, atamkanyaga. Emilienne aliisoma mara mbili. Ya pili hakuimaliza. Alisema, “Sidonie, bwana yangu amekufa, na hakuna aliyenipa pole.” Nilimkaripia, maana maneno kama hayo huita kifo. Lakini nilimwelewa.

Kuanzia hapo alianza kufanya mambo ambayo sikuyategemea kwake.

Alikwenda kwa mzee Asani kuuliza kama kanzu ile bado iko. Haikuwapo. Mzee alikuwa ameikata na kuwashonea wajukuu wake wawili. Emilienne akamwomba ashone nyingine ya namna ile, na mzee akasema macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kazi ya shingo hawezi. Akamwambia, kama anataka, aketi naye ashone mwenyewe, yeye atasema tu. Kwa miezi mitatu, kila alasiri baada ya fuwaye, yule mwalimu wa kushona mwenye karte nyumbani alikaa mkekani kwa Asani kama mwanafunzi, mzee akipapasa mshono kwa kidole na kumwambia fungua, rudia. Alirudia shingo ile mara tano.

Na alinijia mimi, siku moja, watoto wakiwa shuleni, akaniomba nimfundishe kuchezesha pia.

Nilidhani ananitania. Hapana. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakujua kuzungusha uzi. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikachukua moja ya zile pia mbili za Fidèle, nikamwonyesha. Mikono ile iliyoweza kushona tundu dogo kuliko chawa haikuweza kuvuta uzi kwa wakati wake. Pia iliruka ikanipiga kwenye mguu. Ikaenda ikaangukia chunguni. Alikunja uso kama yuko kanisani, akajaribu tena, na tena, mpaka nikamwambia:

“Wee Emilienne, hii haiko kazi. Hakuna sista anakutazama.”

Akasimama. Akaniambia kwamba hajui kufanya kitu bila kutazamwa. Alisema hivyo bila kujihurumia, kama mtu anayesema sijui Kifaransa. Tulirudi pale nyuma karibu kila wiki, na ilikuwa mwezi wa sita ndipo pia iliposimama kwa mara ya kwanza. Ililia kidogo tu, ikalala. Emilienne alikaa chini vumbini na nguo yake safi, akaitazama muda mrefu. Alisema, “Kumbe ni hivi. Kumbe kila jioni alikuwa anaona hii.”

Mwezi wa nane akafunga sanduku akapanda kamio ya mfanyabiashara iliyokuwa ikienda kuchukua pamba. Njia ilikuwa mbaya. Walilala Lusangi kwa mama mmoja Mkristo, Marie-Louise, na siku ya pili alasiri wakafika Kabambare, vumbi mpaka kwenye kope.

Raphaël alikuwa amemngoja, na suti. Alimpokea kwa mikono miwili, akambebea sanduku, akamwonyesha nyumba: nyumba ya matofali ya Leta, sakafu ya saruji, viti sita. Alikuwa amekonda. Walikula mezani. Baada ya kula Emilienne alitoa kanzu. Raphaël aliigeuza, akaona shingo, akapitisha kidole juu ya uzi mwekundu, mshono kwa mshono. Akauliza nani ameshona. Emilienne akamwambia. Akashukuru, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya sanduku lake.

“Hutaivaa?”

“Watu wa hapa wananijua na suti,” akasema Raphaël.

Hapo Emilienne akamwambia yote aliyokuwa nayo moyoni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Alimwambia kwamba siku ile alipoulizwa “yote?”, angekata ulimi wake kabla ya kujibu. Alimwambia kwamba nyumba yake ni nzuri na yeye anaishi ndani yake kama mgeni. Alimwomba arudi.

Raphaël alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jambo ambalo Emilienne hakulifikiri hata siku moja. Alisema hakuacha kwa ajili yake peke yake.

“Weye uliniomba, ndiyo. Lakini hata kama haungeniomba. Yule muzungu alipocheka, mi nilijiona na macho yake. Nilikuwa juu ya ile miti, nikajiona. Tangu siku ile kila ninaposhika kitu, minajiona. Huwezi kucheza kama unajiona.”

Kwa zaidi ya mwaka mmoja Emilienne alikuwa amejilaumu, na katika kujilaumu kulikuwa na tumaini, kwa sababu kosa lako unaweza kulitengeneza. Lile la Raphaël hakujua atalishika wapi.

Wakaendelea kuishi. Emilienne akajuana na watu wa Kabambare, akapata jirani, Régina, mke wa dereva wa Leta, mwanamke mnene mwenye maneno mengi. Jioni, Raphaël akiwa na gazeti lake, Emilienne alitoka barazani na pia aliyopewa na Fidèle, akaichezesha juu ya saruji. Aliniambia kwamba mwanzoni alifanya hivyo ili amwamshe mumewe, kama unavyoweka chambo. Raphaël aliinua macho, akatabasamu, akarudi kwenye gazeti. Lakini saruji ni laini kuliko udongo. Pia ilisimama vizuri, ililia muda mrefu kuliko kwetu Kasongo, na siku moja Emilienne akagundua kwamba amesahau kumtazama Raphaël kama anaona. Régina alipita njiani, akasimama, akauliza kama mke wa karani mkubwa amepatwa na wazimu. Emilienne akamwambia aje ajaribu. Akaja.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwisho wa mwezi wa tisa. Nyuma ya nyumba za Leta kuna mteremko, si mkubwa kama wa kwetu, unaoishia kwenye mashamba ya mihogo. Emilienne alikata gamba la mgomba, akapanda pale saa ya kazi, mchana kweupe, akakaa. Gamba lilikwenda hatua tatu likageuka, naye akabiringika. Akapanda tena. Régina alikuwa chini, akicheka mpaka anashika kiuno. Mara ya nne au ya tano Emilienne alikuwa juu, anapangusa macho, akaona Raphaël amesimama kando yake na suti na viatu vyeusi. Biro ilikuwa karibu. Alikuwa amemwona kwa dirisha.

Alidhani atamwambia ashuke. Raphaël alitazama lile gamba, akatazama alivyolikalia.

“Umekaa mbele sana,” akasema. “Rudi nyuma. Miguu juu. Na usishike pembeni, shika hapa.”

Akainama, akamwekea mikono mahali pake. Kiatu kimoja kilizama matopeni. Akamsukuma.

Emilienne aliteleza mpaka kwenye mihogo. Aliniambia kwamba hakuwahi kujua kitu kama kile katika maisha yake. Kwamba alipiga kelele, na kelele ile ilitoka kwa mtoto wa miaka mitano, yule aliyeletwa misioni akiwa ameshika mkono wa katekista. Alipofika chini aligeuka haraka kumwona Raphaël. Alikuwa bado amesimama juu, mkono mmoja umenyooka mbele, kama mtu aliyesahau kuurudisha. Halafu kengele ya biro ikapigwa, akarudi kazini.

Nimesikia watu wakisimulia habari hii na kuimalizia kwamba Raphaël alivua viatu akateleza na yeye. Hawakuwapo. Hakuteleza. Kwa ninavyojua mimi, hakuteleza tena maishani. Lakini tangu siku ile, mvua ikiisha, alitoka biro, akaenda kusimama juu ya ule mteremko na mwavuli wake, akamsukuma mkewe, na mke wa dereva, na kila aliyekuja. Alikuwa na maneno mengi juu ya namna ya kukaa. Na baada ya mwaka mmoja hivi Emilienne alirudi kutoka sokoni alasiri moja akamkuta ndani ya chumba, mlango umeegeshwa, amevaa ile kanzu, anajitazama shingo katika kioo kidogo cha kunyolea. Emilienne alirudi nyuma polepole, akaenda kukaa kwa Régina mpaka jua lishuke, ili asimkatize.

Walikaa Kabambare. Mwaka wa 1958, mwezi wa nane, Emilienne alikuja Kasongo kuwa mama wa ubatizo wa binti yangu wa mwisho, Mathilde. Ni hapo, tukichagua mchele wa sherehe, aliponimalizia habari hii yote. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa anacheka kwa sauti kubwa kuliko zamani. Nilimwuliza kama sasa wako sawa. Akasema wanapendana, na kwamba Raphaël ni mtu mwema, na kwamba yeye bado anamtamani yule mwingine wa zamani, anamtamani akiwa amekaa naye meza moja, kama vile mtu anavyomtamani aliye safarini. Alisema mara nyingine Raphaël anafungua kinywa, macho yake yanawaka kidogo, na yeye Emilienne anajua kuna kitu kinakuja. Anaacha anachofanya, anangoja. Kisha Raphaël anasema jambo la kawaida.

“Lakini kinakuja karibu zaidi kuliko mwaka jana,” akasema. “Kinafika mpaka hapa.” Akagusa midomo yake.

Nilimwomba abaki wiki moja zaidi. Akakataa. Tulikwenda naye asubuhi kwenye uwanja wa kamio, mbele ya soko. Dereva, Bulaimu, alimfungulia mlango wa mbele, mahali pa mke wa karani mkubwa. Emilienne alimshukuru, akamwambia nafasi ile ampe mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga. Yeye akakanyaga gurudumu, akashika ubao, akajirusha nyuma juu ya magunia ya chumvi pamoja na wachuuzi, akajitafutia mahali pa juu kabisa penye upepo, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Upande wa Kabambare mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, mapema kwa mwaka ule. Aliyaonyesha kwa kidole, akaniambia kwamba ni lazima afike kabla ya mvua, kwa sababu yeye asipokuwapo Raphaël hatatoka nje.